Kufichwa Jina, Kufichwa Kosa

Asubuhi ya tarehe 10 Juni 1935, mjini Akron katika jimbo la Ohio, mlevi mmoja alimpa mlevi mwenzake chupa ya bia. Aliyepewa alikuwa Dk. Robert Smith, daktari wa upasuaji, ambaye siku hiyo alikuwa na mgonjwa wa kupasua na mikono isiyotulia. Aliyempa alikuwa Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York. Dili lililompeleka Akron lilikuwa limeshabuma, na yeye mwenyewe alikuwa na miezi sita tu tangu aache chupa. Bia ile ilikuwa ya kutuliza mikono. Daktari akapasua, kisha badala ya kwenda nyumbani akazunguka mjini kwa watu waliokuwa wakimdai, ambao siku zote alikuwa akiwakwepa. Alirudi usiku. Hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1950, na Alcoholics Anonymous (AA), jumuiya ya walevi wasiotajana kwa majina kamili, huhesabu umri wake kuanzia siku hiyo.

Walipokutana mara ya kwanza, mwezi Mei, Smith alikuwa amesema mgeni huyo atapewa robo saa, basi. Walikaa tangu saa kumi na moja jioni hadi saa tano na kitu usiku. Kilichomkalisha daktari hakikuwa mawaidha, kwani mawaidha alikwisha kuyasikia ya kutosha, ya kanisani na ya hospitalini. Wilson naye alikuwa amemaliza miezi kadhaa New York akiwafuata walevi na kuwahubiria, asipate hata mmoja aliyeacha, hadi daktari wake, William Silkworth, akamshauri apunguze mahubiri. Siku moja kabla ya kukutana na Smith, kwenye ukumbi wa Mayflower Hotel mjini Akron, huku vicheko vya baa vikimfikia, aliona wazi kwamba asipopata mlevi wa kuzungumza naye ataingia baani yeye mwenyewe. Akapiga simu makanisani hadi akaelekezwa kwa Smith. Kwa hiyo hakwenda kumwokoa mtu, alikwenda kujiokoa. Aliyesimulia ndiye aliyetibiwa kwanza, na aliyesikiliza akatibika kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa anahitajiwa na mtu.

Hilo ndilo Akron ililoipa dunia, na hakuna jamii iliyolipokea ikaona haja ya kulibadilisha. Yanayobadilika ni mengine. Ukitaka kutofautisha vikundi vya waraibu wanaoponyana, hapa kwetu na kwingineko, usihesabu hatua zao wala usiulize wanasoma dua gani. Uliza mtu anaambiwa afiche nini, na amfiche nani.

Wamarekani hawakuanza na kuficha. Mwaka 1840, katika baa moja ya Baltimore, wanywaji sita waliweka ahadi ya kuacha, wakajipa jina la George Washington na kuanza kuitisha mikutano ya hadhara. Kila mtu alisimama kwa jina lake, akasimulia alivyouza kitanda cha wanawe, kisha akatia saini mbele ya umati. Vuguvugu likasambaa kwa kasi ya ajabu, watu wakatia saini kwa malaki. Abraham Lincoln, akiwa bado wakili kijana, aliwasifu kwa hotuba mjini Springfield mwezi Februari 1842. Alisema wahubiri na mawakili waliowatangulia walishindwa kwa sababu walimlaani mlevi, ilhali hawa walizungumza naye kama ndugu. Miaka michache baadaye vuguvugu lilikuwa limekwisha. Siasa ziliingia, wengine wakataka sheria ya kupiga pombe marufuku, ugomvi ukawa mkubwa kuliko ulevi. Na mwaka 1845 John Gough, msemaji mashuhuri kuliko wote wa kuacha pombe, alipotea New York karibu wiki nzima, akapatikana kwenye nyumba ya makahaba. Alidai amewekewa kitu kwenye kinywaji. Magazeti hayakumwamini, na aibu ya mtu mmoja ikawa aibu ya wote waliowahi kutia saini.

Wilson alikuja kuisoma habari hiyo karne moja baadaye na ilimtia hofu. Mapokeo Kumi na Mawili ya AA, yaliyopitishwa mwaka 1950, yamejaa tahadhari dhidi ya yaliyowapata wale wa Baltimore: msichangie siasa, msipokee fedha za nje, mtu asijitangaze gazetini kwamba ni mwanachama. Jina lifichwe. Kosa, kinyume chake, lisimuliwe lote. Hatua ya tano kati ya hatua kumi na mbili za AA inamtaka mtu akiri makosa yake kwa Mungu, kwa nafsi yake na kwa binadamu mwingine, tena bila kuzungukazunguka. Mji wa Marekani uliwezesha mpango huo. Ndani ya Chicago au New York mtu aliweza kupanda treni, akashuka mtaa ambao hakuna anayemjua, akasema yote, akarudi kazini kesho yake na tai shingoni. Mke naye mara nyingi alibaki nje ya chumba. Ilipofika 1951 Lois, mke wa Wilson, alishiriki kuanzisha Al-Anon, chama cha ndugu na wake, wenye vikao vyao na milango yao.

Japani waliigeuza kabisa. Mwaka 1958, katika jimbo la Kochi, Matsumura Harushige, mlevi aliyekuwa amesikia habari za AA, alianzisha na wenzake chama cha kuacha pombe. Mwaka 1963 vyama kama hivyo viliungana kuwa shirikisho la nchi nzima, nao hujulikana kwa jina la Danshukai. Matsumura alitumia muda wake uliobaki akisafiri kutoka mkoa hadi mkoa kuanzisha vikundi vipya. Wanachama wa Danshukai huandikishwa, hulipa ada, hutaja jina kamili. Na mke huketi hapo hapo, kiti cha pembeni.

Hebu fikiria kikao hicho kinavyokwenda. Mume anasimama, anajitambulisha, anaeleza mwaka fulani alivyokuwa anakunywa na jinsi alivyokosa mazishi ya baba mkwe. Anaketi. Anasimama mke. Naye anasimulia mwaka ule ule na mazishi yale yale, ila kwa upande wake: nani alibeba aibu mbele ya ukoo, mtoto aliuliza nini usiku ule. Hakuna anayejibu. Hakuna anayeshauri, hakuna wa kusema umekosea au pole. Zamu inahamia kwa familia inayofuata. Wanaume wengi waliopita humo wamesema kwamba kilichowabadilisha si kusimulia ulevi wao wenyewe, ni kuwasikia wake za watu wengine. Ya mke wako unayakana, mmeshayagombania miaka na miaka. Ya mke wa jirani unayasikia, na humo unamkuta wako.

Mbona Japani jina halikufichwa? Mimi naona hivi: mwanamume wa Kochi wa miaka ya 1950 hakuwa na mahali pa kujificha. Kazini wanamjua, mtaani wanamjua, na heshima yake ilikuwa ya ukoo mzima kabla ya kuwa yake. Kumwambia afiche jina ni kumpa mchezo wa kuigiza. Kilichokuwa na maana kwake ni kurudishiwa nafasi yake mbele ya wale wale waliomshuhudia akianguka.

Iran inafundisha jambo jingine. Nchi hiyo, iliyokuwa kwa muda mrefu jirani ya mashamba makubwa ya afyuni ya Afghanistan, ni miongoni mwa nchi zenye vikundi vingi zaidi vya Narcotics Anonymous duniani. Chama hicho cha NA kilianzia Los Angeles mwaka 1953, kikichukua hatua zile zile za AA na kuziweka kwenye dawa za kulevya. Lakini Tehran kuna pia chama cha kwao wenyewe, Congress 60, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na Hossein Dezhakam, mhandisi aliyewahi kuwa mtumwa wa afyuni. Humo hakuna anayejiita mraibu. Mtu ni msafiri, na ndugu yake anayefuatana naye ni msafiri mwenza, anayehudhuria mafunzo yake na kupanda ngazi kwa haki yake. Wanaume huja na mashati meupe yaliyopigwa pasi. Wanacheza michezo, wanalenga shabaha kwa upinde. Tena hawaachi kwa siku moja. Hupewa maji ya afyuni kwa kipimo kinachopunguzwa kidogo kidogo kwa takriban miezi kumi na moja, mpaka mwili ujifunze kujitegemea.

Mwanachama wa NA akisikia hilo hutikisa kichwa. Kwake, aliyekunywa afyuni asubuhi, hata kwa kipimo, hayuko klini, yaani hajaacha. Na ugomvi huo umefika kwetu pia.

Unga, yaani heroini, uliingia pwani ya Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1980, kupitia bandari na njia za watalii, kwanza ule wa kuvuta, baadaye wa kujidunga. Kufikia miaka ya 2000 hakukuwa na mtaa wa Mombasa, Malindi, Unguja au Dar es Salaam usio na maskani yake ya watumiaji na kete zake za unga. Malindi ilipata Omari Project katikati ya miaka ya 1990. Unguja nyumba za kwanza za kukaa, ambazo serikali huziita nyumba za upataji nafuu na watu wote huziita soba, zilifunguliwa kuanzia 2009, na nyingi ziliendeshwa na waliokuwa mateja. Mwezi Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ikaanza kutoa methadoni, dawa ya kunywa kwa kipimo badala ya unga. Vyote vikawa vinaishi jirani, na si mara zote kwa amani.

Ingia soba moja jioni. Viti vya plastiki vimepangwa duara uani, kanzu mbili tatu, fulana za mpira, harufu ya mchuzi wa samaki kutoka jikoni. Anayeongoza mitingi ameshika karatasi za hatua kumi na mbili zilizotafsiriwa na kunakiliwa mpaka wino umefifia. Anaanza anayeshea, yaani anayesimulia yake. Anataja jina moja tu, kama ilivyo desturi, na kusema yeye ni mraibu. Wenzake wanamkaribisha kwa jina hilo hilo moja. Lakini nani hamjui? Wa kulia alisoma naye chuoni kwa maalimu mmoja. Wa kushoto aliibiwa naye baiskeli. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara anamjua mpaka bibi yake, na ndiye aliyewahi kumwambia mama mzazi kwamba redio ya nyumbani imeonekana sokoni Darajani ikiuzwa. Jina lililofichwa Akron halijawahi kufichika hapa hata dakika moja.

Halafu kuna kosa. Pwani kosa ndilo linalofichwa. Mwislamu amefundishwa kwamba dhambi ambayo Mungu ameifunika, mja asiifunue, na kwamba anayemsitiri mwenzake naye atasitiriwa. Toba ni baina yake na Mola wake, hakuna wa kusimama katikati. Sasa kijana huyo anaambiwa aketi na mwenzake amwage yote, pamoja na aliyoyafanya usiku ambao hakuna aliyemwona. Wapo wanaokwama hapo. Si kwamba wanadanganya, wanahisi wanatenda dhambi ya pili. Shehe wa mtaa akiulizwa, anaweza kuwa na jibu kali.

Hivyo mpango wa Wamarekani umefika pwani ukiwa umepinduliwa: kule jina limefichwa na kosa liko wazi, huku jina liko wazi na kosa linataka sitara. Waislamu wa Marekani walilitambua tatizo hili mapema. Mwaka 1989, Baltimore ile ile ya wanywaji sita, ilianzishwa Millati Islami, iliyozipanga upya hatua kumi na mbili kwa msingi wa Uislamu. Kwenye soba za Unguja na Mombasa, nijuavyo, hakukuhitajika maandishi mapya. Watu walipatana kimyakimya kwamba mtu hushea maumivu na njia aliyopita, lakini hana deni la kutaja kila tendo, na kwamba yaliyosemwa humu yanabaki humu. Anayetaka kukiri zaidi humtafuta mtu mzima aliyemtangulia, wakakaa pembeni. Naona ni suluhu nzuri, na haijaandikwa popote.

Kisichonipendeza ni mahali alipowekwa mama. Mama ndiye aliyempeleka kijana soba. Ndiye anayelipa ada, mara nyingi kwa kuuza maandazi au kwa fedha za mwana mwingine aliyeko Muscat. Siku ya kumleta huketi ofisini dakika kumi, akatia saini, akaondoka. Mwanawe anakaa ndani miezi, anajifunza lugha mpya nzima, hatua, hasira, vichocheo. Siku anayotoka anarudi kwenye nyumba ambako hakuna anayeijua hata herufi moja ya lugha hiyo. Kabati limefungwa kufuli. Akichelewa dukani robo saa, nyumba nzima inapekua mifuko yake. Akikasirika kwa jambo la kawaida, anaambiwa alosto, yale maumivu ya kukosa unga, imemrudia. Hapo ndipo maskani inapoanza kupendeza tena, maana angalau maskani hakuna anayemshuku.

Kwa hili tumechukua desturi ya New York ya kumweka mke nje, bila kuwa na sababu yake. New York mlango ulifungwa ili jina lisivuje. Kwetu jina lilishavuja zamani. Wa Kochi wangetuuliza tunamficha nani. Sisemi tuchukue Danshukai nzima nzima. Mama wa Kiswahili kusimama mbele ya vijana wa watu akasimulia alivyoibiwa kanga zake za harusi, wengi wasingeweza, na wangekuwa na haki. Lakini yupo msafiri mwenza wa Tehran, ambaye hasimulii aibu ya mtu, anajifunza tu, kwa upande wake, jinsi ya kuishi na anayepona. Siku moja ya wiki, baada ya alasiri, mkeka wa akina mama uani kwenye soba ile ile. Gharama yake ni chai.

Niliitaja methadoni, na sitaki kuipita haraka. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 na Cochrane, uliokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, ulionyesha kwamba AA na tiba zinazomwelekeza mtu huko humsaidia mlevi kubaki bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zinazojulikana. Wapenzi wa soba huupenda sana utafiti huo. Ila ulihusu pombe. Unga si pombe. Aliyekaa miezi minne bila unga mwili wake umesahau kuuhimili, na akianguka, akatumia kipimo kile cha zamani, anaweza kufa usiku huo huo. Methadoni hupunguza vifo hivyo. Hilo limeshathibitishwa nchi nyingi. Kwa hiyo soba inayomfukuza mtu kwa sababu ameenda kunywa dozi Muhimbili, au inayomwambia mbele ya duara kwamba amebadilisha unga kwa unga, inacheza na roho ya mtu kwa ajili ya kanuni iliyoandikwa California. Na kama ni dini inayotafutwa, ulevi wenyewe haukuharamishwa kwa siku moja. Watu waliambiwa kwanza madhara yake yanazidi manufaa yake, kisha wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa, ndipo katazo kamili likaja. Congress 60 na miezi yao kumi na moja hawana cha kuona haya.

Kuna hatari nyingine, ya waliopona kugeuka mabwana. Mwaka 1958, mwaka ule ule wa Kochi, Charles Dederich, aliyetoka AA, alianzisha Synanon huko California: nyumba ya waraibu kukaa pamoja na kukaripiana usoni kwa saa nyingi mpaka mtu avunjike. Nyumba nyingi za kukaa duniani zina damu ya Synanon hata kama hazijui. Wengi waliacha heroini humo. Wakati huo huo Dederich aliwatawala kiasi cha kuwaamuru wavunje ndoa zao, na mwaka 1978 watu wake walitia nyoka mwenye sumu kwenye sanduku la barua la wakili aliyewashtaki. Popote mlango unapofungwa kwa nje na aliyepona akawa hana wa kumuuliza, hata hapa kwetu, jambo hili linawezekana. Mama akiwa uani kila wiki, ni vigumu zaidi kumpiga mwanawe.

Anabaki mwanamke mwenyewe anayetumia, na hapo hoja yangu yote juu ya jina inayumba. Soba zilizo nyingi ni za wanaume. Kijana wa kiume akiitwa teja leo, kesho akivaa kanzu na kuswali jamaa, mtaa utamsamehe polepole. Binti hasamehewi hivyo. Akijulikana, posa zinakoma, na mashoga wa mama yake wanaanza kuhesabu alilala wapi ili apate kete. Kwake yeye jina kufichwa ni uhai, kama lilivyokuwa kwa yule mwenye tai wa Chicago, na mji wake hauna treni ya kumpeleka mtaa wa mbali. Kumkalisha mama yake kwenye mkeka uani, mchana kweupe, ni kumtangaza.

Tangu 2020, vikao vya NA vya kwenye simu vimeenea duniani. Mwanamke anaweza kujifungia chumbani Kisauni ya Mombasa au Ng'ambo ya Unguja, akazima kamera, akaandika jina lolote, akasikiliza bila kuonekana. Vingi ni vya Kiingereza, na lugha hiyo inawaacha nje wale wale wanaovihitaji zaidi. Wanawake waliokwisha kupona wapo Mombasa, wapo Unguja, wapo Dar, na wengine wanaendesha soba zao. Watatu kati yao, wenye vifurushi vya intaneti na saa moja ya usiku baada ya watoto kulala, wanatosha kuanza kikao cha Kiswahili.